Mpiga Kura Aliyekosa wa Kumchagua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya uraia, nami nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sheria inanikataza kumpigia debe mwanasiasa yeyote. Kwa hiyo aliyekuja akitarajia nimtajie jina la mtu wa kumpa kura atarudi nyumbani mikono mitupu. Ila sheria hiyo hainikatazi kupiga kura, wala hainikatazi kuumwa kichwa kwa ajili ya kura yangu. Nataka kusema juu ya maumivu hayo, kwa sababu nawasikia wenzangu wengi, na vijana wengi zaidi, wakisema kwamba Agosti 2027 hawatajisumbua.

Na tuutazame uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Karatasi ya urais ilikuwa na majina 4. Bwana William Ruto alikuwa Naibu wa Rais tangu 2013, lakini alipanda jukwaani akiishambulia serikali ambayo yeye alikuwa mtu wake wa pili. Marehemu Raila Odinga alikuwa kiongozi wa upinzani kwa miaka mingi, lakini tangu kupeana mikono na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Machi 2018 alikuwa karibu na Ikulu, na safari hii Rais mwenyewe alimuunga mkono. Basi mtu aliyetaka kuiadhibu serikali ampe nani kura? Na aliyetaka kuishukuru, ampe nani? Njia mbili zilimshinda fisi, na wengi wetu tulikuwa fisi mwaka ule.

Walikuwapo wengine wawili. Profesa George Wajackoyah alituahidi kilimo cha bangi na ufugaji wa nyoka, watu wakacheka wakashangilia. Wakili David Mwaure alizungumza kwa upole, wachache wakamsikiliza. Kura zao wote wawili pamoja hazikufika asilimia 1.

Ahadi nazo zilikuwa tamu. Upande mmoja uliahidi shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa wafanyabiashara wadogo. Upande wa pili shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Mtu ambaye kazi yake ni kukaa na makadirio ya fedha hujiuliza mara moja: kodi gani italipa? Sikuridhika na majibu ya upande wowote. Tarehe 26 Julai palipangwa mjadala wa wagombea ili wananchi wapime wenyewe. Bwana Odinga hakwenda, na Bwana Ruto akajibu maswali peke yake. Bwana Mwaure naye alijibu peke yake. Mjadala wa mtu mmoja, ndugu zangu, si mjadala.

Basi nawaelewa wanaosema wamechoka. Wala siwaiti wavivu. Mtu asiyejua ampe nani kura mara nyingi ndiye aliyesikiliza kwa makini kuliko wote. Neno langu kwao ni hili tu: hasira yetu ni ya haki, lakini kukaa nyumbani hakumfikishii mtu yeyote hasira hiyo.

Tutazame hesabu. Mwaka 2022 waliojiandikisha walizidi milioni 22. Waliopiga kura ni kama milioni 14.3. Mshindi alimpita aliyemfuata kwa kura 233,211. Waliobaki nyumbani, basi, walikuwa zaidi ya mara 30 ya tofauti hiyo. Je, kuna aliyekwenda kuwauliza walikuwa na maana gani kwa kunyamaza kwao? Wote walihesabiwa kundi moja: mgonjwa, msafiri, mvivu, na mwenye uchungu wa nchi.

Wengine husema, nitakwenda lakini nitaiharibu karatasi. Hilo nalo halisaidii. Karatasi yetu haina mahali pa kuandika kwamba simtaki hata mmoja, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia za wagombea.

Kumbukeni pia marudio ya tarehe 26 Oktoba 2017. Mahakama ilikuwa imefuta matokeo ya kwanza, Bwana Odinga akajitoa, na waliopiga kura hawakufika asilimia 40. Hata hivyo Rais aliapishwa tarehe 28 Novemba akiwa na mamlaka kamili. Katiba haina rais wa asilimia 40. Ana sahihi ile ile na majeshi yale yale.

Ninyi vijana hamkuyaona ya zamani. Tangu uhuru hadi 1992 hakuna Mkenya aliyetia alama kwenye karatasi ya kumchagua Rais, kwa maana kila mara mgombea alikuwa mmoja, akapita bila kupingwa. Mwaka 1992 wapinzani waligawanyika, na Rais Moi akashinda kwa kama asilimia 36 tu. Ndiyo sababu Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura. Sisemi haya ili turidhike na tulichonacho. Nasema ili tujue kwamba sheria za uchaguzi zilibadilishwa na watu waliokasirika, ila hawakukasirikia vitandani.

Sasa tufanyeje? Kwanza, karatasi ni 6, si 1. Dawa katika zahanati, shule za chekechea na barabara za kaunti ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Bajeti hupitishwa na wabunge. Mtu akiisusia karatasi ya urais kwa kubaki nyumbani, amezisusia na zile 5 nyingine.

Pili, tunaanza kulia tumechelewa. Majina huamuliwa katika mchujo wa vyama, miezi kabla ya siku ya kura, nasi wakati huo tunasema siasa ni mchezo mchafu. Mchagua nazi hupata koroma, lakini sisi hatufiki hata shambani. Tunangoja nazi ziletwe mlangoni, kisha tunalalamika.

Tatu, wagombea wote wakikuchosha, jiulize swali moja: ni yupi kati yao ambaye mahakama au Bunge likimwambia hapana, atatii? Ahadi za fedha husahauliwa. Tabia ya kutii sheria, au kuikiuka, hukaa na sisi miaka 5.

Mimi nilipiga kura 2022. Nilimpa nani ni siri yangu, na sikutoka kituoni nikiwa na furaha. Huenda 2027 nikatoka vivyo hivyo. Lakini ninyi mtakaokuwa mmetimiza miaka 18, chukueni vitambulisho, mjiandikishe, halafu mje mtuulize sisi wakubwa kwa nini tuliwaachia majina haya. Swali hilo tunastahili kulijibu.