Kazi ya Kupaka Rangi Pikipiki Wakati wa Baridi

(Hotuba iliyosomwa na mafundi wa karakana moja ya rangi, Nairobi, mbele ya mkutano wa wanachama.)



Tumeombwa tuwaelezeni kazi yetu ya kupaka pikipiki rangi, na hasa jinsi tunavyoiendesha katika miezi ya baridi, yaani Juni, Julai na Agosti. Twashukuru kwa nafasi hii. Pikipiki zilizopambwa mwaziona kila siku, na wengine wenu mmekuja hapa juu ya hizo. Lakini ni wachache waliopata kuona zinavyopambwa, na wachache zaidi wajuao kwamba miezi hii mitatu ndiyo mibaya kuliko yote kwa kifua cha fundi. Hiyo ndiyo habari tuliyoileta, na pamoja nayo tumeleta shauri.

Sisi tu mafundi wanne, na vijana wawili wanaojifunza. Karakana ni yetu kwa ushirika: kodi twachanga, kompresa ni moja, na faida twagawana Jumamosi. Wateja wetu karibu wote ni waendeshaji wa bodaboda. Mtu hutuletea tangi, madigadi na vifuniko vya ubavuni, akataka rangi aipendayo, kisha tumwandikie jina la mtoto wake, au timu yake ya mpira, au neno la kumcha Mungu. Msidhani ni mchezo. Pale stendi hujipanga Bajaj Boxer na TVS nyingi za namna moja, nazo zafanana kama mayai. Abiria humkumbuka yule mwenye chombo king'aacho, na kesho humtafuta tena. Rangi kwake ni mtaji.

Watu hutuita jua kali, kwa kuwa mafundi wa namna yetu walizoea kufanyia kazi nje juani. Basi mwezi wa Julai jua lenyewe hulioni. Nairobi iko juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,700. Asubuhi za Julai joto hushuka mpaka digrii 12 au chini yake, na mchana hupanda kufika 21 au 22 hivi. Wingu hufunika kutwa nzima na manyunyu hayaishi. Wenzetu wa Limuru, walio zaidi ya meta 2,000, hali yao ni ngumu kuliko yetu.

Twafungua saa moja asubuhi. Kazi ya kwanza ni kutoa maji. Hewa ikibanwa ndani ya kompresa hutoa maji, na wakati wa baridi na unyevu hayakosekani. Twafungua koki ya chini mpaka yatoke yote, maana tone moja likipita kwenye mpira na kuingia katika bunduki ya rangi, uso wa tangi hutoka vitundu kama wa mtu aliyeugua ndui.

Kisha huja msasa. Tangi lililokwisha tolewa petroli na kupewa hewa hupigwa puti palipobonyea, likapakwa prima, likasuguliwa kwa maji na msasa namba 400, na mbele yake namba 800. Maji hayo ya Julai hukata vidole. Kidole kilichopasuka kikigusa thina, mwenye kidole hulia. Kwa hiyo twapasha maji, na jiko letu liko nje, upande wa pili wa ua. Mtaona baadaye kwa nini tumelipeleka mbali hivyo.

Rangi nayo huganda kwa baridi, ikawa nzito kama uji uliolala. Wako wanaoongeza thina ili ipite, lakini thina ikizidi rangi hutiririka. Sisi twachukua karai la maji ya moto, twatia mkebe ndani yake, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Mkebe hauendi motoni kamwe.

Kupuliza twapuliza kati ya saa tano na saa tisa tu, hewa inapokuwa imepata joto kidogo. Kabla ya hapo twapangusa tangi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Unyevu ule usipokauka kwa robo saa, hatupulizi, maana chuma kingali baridi na umande utakishika. Rangi ikipulizwa siku ya unyevu, thina inaporuka huondoka na joto, uso wa rangi hupoa, na maji ya hewani hutua juu yake. Rangi nyeusi huamka nyeupe kama iliyonyunyiziwa unga. Hapo kazi ya siku mbili hurudi kwenye msasa.

Mwisho ni klia, ile rangi isiyo na rangi inayotia mng'ao. Kwa tangi la petroli hatuna budi kutumia klia ya kuchanganywa na hadena, yaani dawa ya kugandisha, kwa sababu petroli ikimwagika juu ya rangi isiyo na hadena huila. Lakini hadena hupenda joto la digrii 20 hivi. Joto likishuka chini ya 15 huenda pole pole, na likifika 10 karibu husimama. Tangi ambalo mwezi wa Februari hukauka kesho yake, Julai lataka siku tatu au nne.

Ndugu zetu, kiini cha maneno yetu ni hapo kwenye siku nne.

Mwenye pikipiki hawezi kungoja siku nne. Wengi wao chombo si chao. Jioni humpelekea tajiri hesabu yake, awe amepata au hakupata. Wengine wana deni la mkopo, na mkopo haujui baridi. Siku moja bila tangi ni siku moja bila unga nyumbani. Basi hutuambia, "Nataka kesho asubuhi." Tukikataa, huvuka barabara akaenda kwa jirani. Jirani naye ana watoto na kodi, hukubali. Akishakubali atafanyaje? Hufunga mlango ili manyunyu na vumbi visiingie, akawasha jiko la makaa ndani ili tangi likauke upesi.

Na tuseme wazi kinachotokea nyuma ya mlango ule.

Jambo la kwanza ni moto. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini bali hutambaa sakafuni mpaka ulikute jiko. Wala msidhani baridi huuzuia. Toluini, iliyomo katika thina nyingi, hutoa mvuke wa kuweza kushika moto tangu digrii 4 tu. Nairobi haina mchana wa kupuliza rangi ulio baridi kiasi hicho.

Jambo la pili ni makaa yenyewe. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona usingizi, huketi kidogo apumzike, na huenda asiinuke tena.

La tatu ndilo tunaloliogopa zaidi, kwa kuwa huja kimya. Ndani ya hadena nyingi mna kemikali iitwayo isosayaneti. Unapopulizwa, ukungu wake mwembamba hauonekani kwa macho, nao hubaki chumbani hata bunduki ikiwa imewekwa chini. Harufu yake haitoshi kumwonya mtu. Huko Uingereza imehesabiwa miongoni mwa sababu kubwa za pumu inayopatikana kazini. Na pumu hiyo ina tabia mbaya: mwili ukishaikataa kemikali hiyo, hata kiasi kidogo sana humbana mtu kifua, na huenda ikambidi aiache kazi ya rangi maisha yake yote. Mlango ukiwa wazi ukungu huo hupata njia ya kutokea. Mlango ukifungwa, huingia kifuani mwa fundi na mwa kijana aliyeshika taa.

Wengi wetu tumefundishwa kunywa maziwa baada ya kupuliza. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na ugonjwa uko mapafuni. Kitambaa cha mdomoni kadhalika hupunguza vumbi la msasa, lakini mvuke hakiuzuii. Barakoa yenye vichujio vya makaa husaidia kwa mvuke wa thina, nayo vichujio vyake huchoka, havina budi kubadilishwa. Kwa klia yenye hadena, iliyo bora ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Sisi tumechanga tukanunua moja. Anayeivaa hupuliza peke yake, na mwingine haingii mpaka chumba kimepata hewa ya kutosha.

Sasa mtauliza, na yule mwendeshaji asiyeweza kungoja je? Yeye naye ni mfanyakazi kama sisi. Si haki tuponye vifua vyetu kwa kumnyima mkate. Jambo hili tulilizungumza sana, na njia tuliyoipata ni hii. Tulinunua matangi makuukuu ya Boxer na TVS kwa wauzaji wa vyuma, tukayaziba na kuyasafisha. Mteja akileta tangi lake twamfungia la kuazima, anarudi kazini saa ile ile. Tangi la kuazima halina urembo, lakini chombo chatembea na hesabu ya tajiri yapatikana. Siku ya nne anarudi, twabadilishana. Madigadi na vifuniko twavitengeneza kimoja kimoja hivyo hivyo. Tangu tuanze, mteja wa "kesho asubuhi" hana tena sababu ya kutuharakisha.

Lakini karakana moja haiwezi kuishinda baridi. Sisi tukisema siku nne, na jirani akasema siku moja kwa bei ya chini, mwisho wa mwezi sisi hatuna kodi na yeye hana mapafu. Ndiyo maana tumekuja kwenu. Anayewasha lile jiko ni fundi, lakini anayemsukuma ni ushindani kati yetu sisi wenyewe.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, karakana zote za mtaa zipatane kwamba kuanzia Juni mpaka Agosti hakuna tangi litakaloahidiwa chini ya siku nne, wala hakuna atakayeshusha bei kwa kuuza haraka.

Pili, tuwe na akiba moja ya matangi ya kuazima, kila karakana ichangie kwa uwezo wake, nasi tutatoa yetu yawe ya kwanza.

Tatu, jiko lisiingie kabisa katika chumba cha rangi, na mlango usifungwe wakati wa kupuliza. Manyunyu yakizidi, tungoje. Rangi iliyoharibika yasuguliwa ikapakwa upya. Mapafu hayana msasa.

Kwa wale wenzetu walioajiriwa katika karakana kubwa, twawakumbusha kwamba sheria iko upande wenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe mahali pale mpaka hatari iondolewe. Penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti iwepo kamati ya usalama; ulizeni kama yenu ipo, na kama hukutana. Na sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu maradhi yaliyopatikana kazini, si majeraha peke yake. Mtu akianza kukohoa usiku na kupata nafuu siku za mapumziko, asinyamaze akidhani ni baridi ya Julai. Aende kwa daktari, na amwambie daktari kwamba kazi yake ni kupuliza rangi. Neno hilo asiposema, huenda akapewa dawa ya mafua akarudi kwenye bunduki.

Na sisi tunaojiajiri tusijione tumesamehewa. Wale vijana wawili wanaojifunza kwetu, kwao sisi ndio waajiri. Tunayoyadai kwa matajiri hatuna budi kuyatoa wenyewe. Kijana aliyekuja kwetu kujifunza kazi ya miaka arobaini haifai aondoke baada ya miaka mitatu hawezi kupanda ngazi.

Ndugu wanachama, baridi hatukuileta sisi, na hatuwezi kuiondoa. Haraka twaweza kuiondoa, tukiwa pamoja. Twaomba mambo haya matatu yapigiwe kura leo, kabla mkutano haujafungwa.