KAMERA NAYO IFIKE SHAMBA
(Hotuba kwa wanachama, Boko)



Tangu mwaka 1935 hata 1937 Waingereza walitengeneza filamu Vugiri, huko Usambara, wakazitembeza vijijini kwa lori. Wazee wetu walikaa chini wakafundishwa kilimo na kujikinga na safura. Waliocheza walikuwa Waafrika. Aliyechagua la kusema alikuwa mkoloni. Hatulitaki hilo tena, hata mchaguzi akiwa ndugu yetu wa mjini.

Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza Unguja mwaka 1998, limepata kupeleka sinema mpaka mashamba ya Unguja na Pemba. Twalisifu. Lakini kutazama si kutengeneza.

Sisi twasema: tamasha likienda kijijini, liende na mwalimu. Mtoto wa mvuvi ana simu yenye kamera. Akosacho ni mtu wa kumfundisha kupanga hadithi, kunasa sauti na kuunga picha. Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo tangu mwaka 1981, kwa barabara hii hii ipitayo Boko. Tuwaalike walimu wake. Wao walete ujuzi. Sisi tutoe uwanja, shuka jeupe na chakula.

Asiyejisemea husemewa. Tuanze leo kuandika majina ya vijana.