Miaka Miwili Chuoni: Cheti Gani, na Kazi Gani?
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Igogwe)



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya miaka miwili baada ya sekondari. Sisi makarani huulizwa habari hizi kila siku, maana watu hudhani kuwa akaaye karibu na mafaili ajua yote. Basi yafaa tujue angalau hili.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mwanawe aliyemaliza Kidato cha Nne aende chuoni. Mpiga mbiu wa chuo, ambacho sitakitaja, alimwambia kuwa baada ya miaka miwili kijana atapata stashahada. Miaka miwili ikaisha, kijana akarudi na karatasi nzuri yenye muhuri. Tangazo la kazi lilipotoka likataka stashahada, naye karatasi yake ilikuwa astashahada. Herufi moja tu, ndugu zangu, na ng'ombe amekwisha kwenda.

Mambo ni hivi. Masomo ya ufundi katika nchi yetu yamepangwa kwa ngazi, chini ya Baraza lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo sasa huitwa NACTVET. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada; na kwa kawaida kila moja huchukua mwaka mmoja. Aliyetoka Kidato cha Nne na ufaulu wa masomo manne huanzia ngazi ya 4, kwa hiyo stashahada kwake ni miaka mitatu. Aliyetoka Kidato cha Sita na ufaulu mkuu mmoja na mdogo mmoja aweza kuanzia ngazi ya 5, naye ndiye amalizaye kwa miaka miwili. Miaka ni ile ile miwili, lakini vyeti vyao si kimoja. Ualimu nao una njia yake. Mwenye Kidato cha Sita huisomea stashahada kwa miaka miwili. Chuo cha Mpuguso ki hapa hapa wilayani kwetu.

Katika kazi za hospitali tofauti huonekana wazi. Aliyeishia ngazi ya 5 katika utabibu huajiriwa kuwa Tabibu Msaidizi, na mwenye stashahada huitwa Tabibu. Wote wawili hukesha na wagonjwa wale wale, lakini cheo na mshahara si sawa. Kwa wale wapendao kazi kama yetu, Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Mbeya, na hufundisha utunzaji wa kumbukumbu na uhazili. Wapendao kilimo wanacho chuo cha Uyole.

Wako wasemao kwamba stashahada ni shahada ya maskini. Mimi siwakubali. Mwalimu Nyerere alitoka Makerere mwaka 1945 na stashahada ya ualimu, kwa kuwa Makerere ya siku zile haikutoa shahada. Akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Hata leo mlango u wazi: mwenye stashahada ya ngazi ya 6 yenye wastani wa 3.0 katika kipimo cha 5, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, aweza kuomba chuo kikuu. Lakini asidhani ataingia mwaka wa tatu, kama wafanyavyo Marekani wanaotoka katika vyuo vyao vya miaka miwili. Hapa kwetu kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza.

Juu ya ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekopesha pia wanafunzi wa stashahada katika masomo yaliyochaguliwa, kama afya, ualimu na kilimo. Wazazi wengi hawajasikia.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mzazi na aulize mambo mawili: chuo kimesajiliwa na Baraza, na mtoto ataishia ngazi ya ngapi? Ajibiwe kwa maandishi, wala si kwa mdomo.

Kijana wa jirani yangu angali ana mwaka mmoja kuifikia ngazi ya 6, na mama yake ameanza kuweka akiba ya fedha za ndizi. Nitabaki hapa baada ya mkutano. Mwenye barua ya chuo mkononi na ailete tuisome pamoja.