Kabla ya Lori la Mchanga

Mtoto wa shule kule Ilembula, wilayani Wanging'ombe, anayejiandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA hukimbia, huruka, kisha huangukia mchangani. Mchanga ukiwa laini, huinuka akicheka. Ukiwa umeshikana kama sakafu, mguu ndio unaolipa.

Shimo likiwa gumu, wengi wetu husema: leteni lori la mchanga. Masika yakipita, ugumu unarudi, na lori linaitwa tena. Dawa ya jambo hili wanayo watunzaji wa viwanja vya gofu, mfano vile vya Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam.

Viwanja hivyo huwekewa mashimo ya mchanga makusudi, ili kumpa taabu mchezaji. Adui wa mashimo hayo ni maji yaliyochanganyika na udongo. Mvua hupiga kingo, udongo ukateremka na kuziba nafasi kati ya chembe za mchanga. Maji hukosa pa kupitia. Jua likiwaka, mchanga huwa tofali. Kumwaga mchanga mpya juu yake ni kufunga kidonda bila kukiosha.

Kwa hiyo fundi huanza chini. Huondoa mchanga uliochafuka, huchimba mfereji wenye mteremko, hulaza humo bomba lenye matundu na kulizungushia kokoto, maji yatoke nje. Huinua kingo ili maji ya juu yasiingie. Ndipo hurudisha mchanga safi. Baada ya hapo, kazi ni ya reki.

Shule haihitaji fedha za klabu ya gofu. Shimo la kuruka linataka upana wa mita 2.75 au zaidi, na mchanga wa kina cha sentimeta 30 hivi, ulio usawa na ubao wa kurukia. Pasipo bomba, mtaro uliojazwa mawe na kokoto utasaidia. Kisha mchanga uchimbuliwe kwa jembe kabla ya mazoezi, na kulowanishwa kidogo. Jembe Ilembula halikosekani.

Nawe uliye mjini, ukiombwa mchango wa lori la mchanga kwa shule ya kwenu, toa. Lakini uliza kwanza: maji ya shimo hilo yanatokea wapi? Wasipokuwa na jibu, changia kokoto kwanza.