Tulikata Mipapai Dume Yote, Tukakosa Papai

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya vikundi jirani vya kujisaidia)

Tumeombwa tuwaeleze jinsi ya kupanda mipapai kwa mbegu nyumbani. Hatukuja hapa kama wataalamu. Sisi ni wakulima kama nyinyi, watu wa jembe na karai. Lakini tulifanya kosa, na kosa hilo nusura livunje kikundi chetu. Afadhali mjifunze kwa hasara yetu kuliko mngoje yenu.

Msimu wa kwanza, mama mmoja mjane katika kikundi alituletea mbegu bure kutoka mpapai wake. Tulichanga pesa, tukachimba mashimo 24, na kila shimo tukatia mche mmoja. Miche ilishika vizuri. Baada ya miezi kama mitano ikatoa maua. Hapo tukaona kwamba mipapai 13 ilikuwa na maua madogo mengi, yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Mipapai 11 tu ndiyo iliyokuwa na maua makubwa yaliyokaa karibu na shina. Tukasema, "Madume haya yanakula mbolea bure!" Siku moja tukachukua panga, tukakata yote 13.

Wiki chache baadaye, vipapai vichanga kwenye ile mipapai jike vikageuka manjano na kuanguka. Haya, maneno yakaanza. Wengine wakadai pesa zao kwa mwekahazina. Wengine wakasema yule mama alituletea mbegu mbovu makusudi. Mama wa watu akaacha kuja mikutanoni.

Afisa wa kilimo alipopita aliuliza neno moja tu: "Na madume yako wapi?" Tukatazamana. Akatueleza kwamba ua la mpapai jike linahitaji unga wa ua la dume, unaopelekwa na upepo na wadudu. Jike akikosa unga huo, kwa kawaida matunda yake hudondoka. Mbegu hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la panga letu, na la ndimi zetu. Watu sita tulikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Akatuambia, "Mngeniuliza ningewaonyesha. Dume wangu yuko pale nyuma ya jiko." Kweli, kuuliza si ujinga.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza ni kuchagua mbegu. Chukua papai lililoiva vizuri kutoka mti wenye afya na matunda matamu. Hapa kuna siri moja. Ipo mipapai ya aina tatu: dume, jike, na ile yenye maua yaliyo na sehemu za kiume na za kike pamoja. Huu wa tatu huzaa matunda marefu kidogo, na wa jike huzaa ya mviringo. Ukipanda mbegu za papai refu, na hakuna mpapai dume jirani, miche yako haitatoa dume hata mmoja, na yote yaweza kuzaa. Lakini mbegu za mpapai jike uliopata unga kutoka kwa dume hutoa nusu madume na nusu majike hivi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Pili, safisha mbegu. Kila mbegu ina ngozi laini ya utelezi. Ngozi hiyo huzuia kuota. Isugue kwa majivu au mchanga, suuza, kisha anika mbegu kivulini, siyo kwenye jua kali. Ukizitia majini, zinazoelea zitupe, zinazozama panda. Mbegu mpya huota vizuri kuliko zilizokaa sana.

Tatu ni kitalu. Changanya udongo mzuri wa juu, samadi iliyooza kabisa na mchanga kidogo. Tia kwenye mikebe iliyotobolewa chini au pakiti za maziwa. Zika mbegu mbili au tatu, kina cha sentimita moja hivi, uweke kivuli chepesi. Zitaota baada ya wiki mbili hadi nne, kwa hivyo msikate tamaa mapema. Maji yawe ya kiasi. Maji mengi huozesha mche pale shingoni, nao huanguka kama uliokatwa na mkasi.

Nne, kupanda. Mche ukifika kimo cha sentimita 15 hadi 20, mvua zikianza, uhamishe. Shimo liwe futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, lijazwe udongo wa juu na samadi. Toka shimo moja hadi jingine acha mita 2.5 au 3. Chagua mahali pa mwinuko, maana mpapai hauvumilii maji yaliyotuama. Siku mbili tu zaweza kuua mizizi yake. Funika chini kwa nyasi kavu, lakini zisiguse shina. Na ndugu zetu wa sehemu za baridi kali mjue mapema: mpapai unapenda joto, na baridi hupunguza utamu.

Tano, na hapa ndipo tulipoanguka. Kama mbegu zako zaweza kutoa madume, usipande mche mmoja katika shimo. Panda mitatu, mbalimbali kidogo. Ngoja maua, kisha bakiza jike mmoja na ukate wengine. Ukihesabu, kama katika kila mashimo manane, shimo moja laweza kuwa na madume matupu. Usihuzunike, hapo bakiza dume mmoja. Dume mmoja kwa majike kumi hivi anatosha. Ukikata, jihadhari na utomvu, kwa sababu unawasha ngozi na macho.

Ukitunza vizuri, utaanza kuchuma kati ya miezi tisa na mwaka mmoja tangu kuhamisha miche. Hapo katikati pandeni maharagwe au kunde kati ya mistari, ili shamba lisikae bure na watu wasichoke kungoja.

Jambo la mwisho si la kilimo peke yake. Kabla ya kukata kitu ambacho ni mali ya kikundi, kaeni mkutano, na mwite anayejua. Na kabla ya kumlaumu mwenzenu, angalieni kwanza kazi ya mikono yenu. Mipapai tuliipanda upya, katika mashimo mapya, mitatu mitatu, na tukachuma. Yule mama tulimrudishia heshima yake, na leo ndiye msimamizi wa kitalu chetu. Lakini ile miezi aliyokaa nyumbani kwa uchungu, hiyo hatuwezi kuirudisha.

Anayetaka mbegu aje na mkebe wake, tumebeba kidogo.