Kumhesabu Mtu Yule Yule
(Hotuba ya Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Gikomba)



Mwaka jana niliwasomea hapa kwamba wastani wa mapato ya wanachama umepanda, nanyi mkapiga makofi. Kwa sababu ya hesabu ile mkutano ulikubali kupunguza fungu la kuwasaidia wagonjwa na wasio na kazi. Leo sina budi kukiri kwamba hesabu ile iliwapoteza, na kosa ni langu.

Tuseme tuna wanachama wanne sokoni: mvuta mkokoteni apataye shilingi 200 kwa siku, fundi wa masufuria 500, seremala 600, na muuza mitumba 700. Wastani wao ni 500. Mvuta mkokoteni akivunjika mguu hana ada ya kulipa, na jina lake hufutwa. Watatu waliosalia wana wastani wa 600. Umepanda kwa shilingi 100, wala hakuna aliyeongezewa hata senti! Ndivyo nilivyofanya. Baada ya moto wa Juni 2018, ulioua watu 15 katika soko hili, majina yalitoweka daftarini kwa namna hiyo hiyo, wala hatukuuliza wenyewe wako wapi.

Mwaka 1954 halmashauri ya Bwana F. W. Carpenter iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi nchini Kenya walipata ujira usiotosha mahitaji ya lazima. Ilikuwa kazi ya maana, lakini ni kama picha iliyopigwa mara moja. Haionyeshi ni nani aliyeinuka baadaye na ni nani aliyezama.

Wataalamu wa siku hizi huwafuata watu wale wale miaka mingi. Huko Busia mwaka 1998 ulianza mpango wa kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule 75 za msingi. Wengi wao wamefuatwa mpaka utu uzima, hata waliohamia Nairobi au Uganda. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba waliopata dawa miaka miwili mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na ujira wa saa uliozidi kwa 13 kwa mia.

Hesabu nyingine ya watu hao yatuhusu zaidi sisi tunaowaita vijana waje mjini. Ukimlinganisha mtu wa mjini na mwingine wa shamba, waona tofauti kubwa ya mapato. Lakini kila mtu alipolinganishwa na nafsi yake, kabla ya kuhama na baada yake, tofauti ile ilipungua kwa zaidi ya 80 kwa mia. Waliohama, wengi wao, walikuwa na uwezo huo tangu huko nyumbani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Fungu la msaada lirudishwe kama lilivyokuwa. Tena tuwe na daftari la pili lisilofutwa jina: aliyeondoka aandikwe alikokwenda, aulizwe hali yake kila mwaka, na mapato yake yasisomwe mkutanoni. Najua wazee hawapendi kuulizwa mambo ya mfukoni. Mimi pia sipendi.

Jumamosi ijayo nitaanza kuwatafuta wale ambao majina yao niliyafuta kwa mkono wangu. Mwenye kujua walipo na anione mlangoni.