Suluhu ya Wazee na Mipaka Yake

Katika visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai na Chula, kusini ya Kismayu, desturi ya kale ni kwamba mwenye kuudhi jirani hupelekwa mbele ya wazee wa mji. Nguvu ya wazee hao si bunduki wala jela, bali ni haya ya mtu mbele ya jamaa zake.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, walikuja wanyang'anyi wenye silaha, wasiomjua mzee wala kumwonea haya. Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya.

Sura ya Al-Hujurat yaamrisha mambo mawili: kusuluhisha wagombanao, na kumzuia mwenye kudhulumu. La kwanza wazee waliweza. La pili lataka serikali yenye uadilifu. Moja bila ya jingine halilindi mji.